Uzi wa sedamu: usizifyeke Oktoba, zipunguze Mei

MpogoajiMidlands (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi hautakuwa na watu wengi, najua. Nauandika kwa wenzangu mlioko nchi za baridi, mliopata nyumba yenye kibustani nyuma na mkakuta humo mmea mnene ambao hamkuupanda. Majani yana kijani kilichofifia kama yamepulizwa unga, ukiyabonyeza yana maji kama mshubiri. Mwezi wa tisa unatoa vichwa bapa vya maua ya waridi, vinaiva kuelekea wekundu, na hadi mwezi wa kumi na moja vimekuwa rangi ya kutu. Hiyo ndiyo sedamu. Wataalamu walizihamisha hizi ndefu mwaka 1977 wakazipa jina la Hylotelephium, lakini ukilitamka hilo kitaluni utaonekana unajidai. Sema sedamu.

Mimi nilizikuta saba, hapa Leicester, Uingereza, zimeachwa na bibi aliyekuwa na nyumba kabla yetu. Nimeziharibu miaka miwili mfululizo, kwa njia mbili tofauti, ndiyo maana najiona nina haki ya kufungua uzi.

Mwaka wa kwanza niliziharibu kwa usafi. Mimi ni mtu wa Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwetu uwanja usiofagiwa asubuhi ni kesi. Oktoba maua yalipoanza kukauka nikachukua mkasi mkubwa, nikafyeka zote hadi chini, nikajaza pipa. Mzee jirani yangu alikuwa anachungulia juu ya uzio na kikombe chake cha chai. Akasema tu, "Umefanya haraka." Kwa Mwingereza wa umri ule, hilo ni tusi.

Januari ndipo nilipoelewa. Kwangu palikuwa kama kaburi jipya. Kwake sedamu zilikuwa zimesimama kavu, kila kichwa kimebeba kisahani cha theluji, na vindege vinadonoadonoa humo kutafuta wadudu.

Mwaka wa pili niliziharibu kwa upendo. Nikazimwagia samadi ya farasi magunia matatu kama ninaweka kwenye migomba. Juni zilinona hadi nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia. Katikati ya Agosti ikanyesha siku mbili mfululizo. Kutoka nje, kila shina limefunguka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo: mabua yote yamelala kuelekea nje, katikati pamebaki shimo la kutosha ndoo. Nikazifunga kamba. Zikawa mizigo ya kuni yenye maua.

Mwaka wa tatu, wiki ya mwisho ya Mei, yule mzee akabisha mlango akiwa na mkasi wake mwenyewe mkononi. Nadhani alikuwa amechoka kuangalia.

Alichonifundisha kinaitwa huku mkato wa Chelsea. Kimepewa jina la maonyesho ya maua ya Chelsea, London, ambayo hufanyika mwishoni mwa Mei kwenye viwanja vya Royal Hospital, na yamekuwa hapo tangu 1913. Jina ni la kukumbushia tarehe tu. (Mwaka 2021 maonyesho yalisogezwa hadi Septemba kwa sababu ya korona. Sedamu hazikupewa taarifa, zilitakiwa kukatwa Mei vilevile.)

Wakati huo bua lina urefu wa kama kiganja na nusu, na kichwa cha ua bado hakijaanza kujikunja kileleni. Unashika bua, unahesabu chini theluthi moja hadi nusu, unakata juu kidogo ya pale majani yanapotokea. Linakatika kwa mlio, kama unavyovunja ncha ya bamia changa, na linaacha tone la maji. Mzee alikata shina la kwanza zima bila huruma, akanipa mkasi. Mkono ulikuwa mzito, sikufichi. Nilikuwa nimeanza kuzoea kuziona zikipendeza.

Siku kumi za kwanza ni mbaya kuangalia, visiki vitupu. Halafu kwenye makwapa ya majani ya juu vinachungulia vichipukizi viwili, wakati mwingine vitatu. Waliokulia nyumba yenye tuta la matembele hawahitaji somo: ukichuma kichwa, ubavu unachipua. Ncha ya mmea hutuma chini homoni iitwayo auksini inayoyaambia machipukizi ya ubavuni yatulie. Ukiondoa ncha, amri imekwisha.

Mwaka ule zilichelewa kuchanua kama wiki tatu. Vichwa vilikuwa vidogo lakini vingi, bua fupi na gumu, na mvua ya Agosti ilipita hakuna lililolala. Samadi sikuweka hata kijiko. Mzee anasema sedamu ikishiba inalala, kama mtu aliyekula ugali mchana. (Ugali nimeweka mimi, yeye alisema chakula cha Jumapili.)

Mkato wa pili ni wa mabua makavu, na huo subiri mwishoni mwa Februari au Machi. Inama uangalie chini kabisa: utaona vichipukizi vimejipanga kama vifungo vya shati la kijani vilivyoshonwa ardhini. Ukiviona vinaanza kuvimba, kata mabua ya mwaka jana, ukiacha vidole viwili juu ya ardhi ili mkasi usivikwaruze.

Naomba na nyie mlete uzoefu wenu, hasa mlio mbali na Uingereza.

---

JeshiLaMtuMmoja

Mwanaume mzima, Mei yote ya Mungu, unahesabu vichipukizi vya maua. Wenzako wanajenga.

---

MpogoajiMidlands

Mkuu, nafanya zamu za usiku wodini. Nikirudi saa mbili asubuhi siwezi kulala moja kwa moja, nakaa nyuma na hizo sedamu nusu saa. Na kujenga nimejenga, karibu Kibosho utakuta bati.

---

MamaKukuMnono

Kaka, nimecheka hapo kwa mzee na mkasi wake. Mimi niko Wuppertal, Ujerumani, na hizo ni wenyeji wa mtaani kwangu. Ile maarufu kuliko zote, 'Herbstfreude', imetoka kwenye kitalu cha Georg Arends, Ronsdorf, ambako sasa ni sehemu ya jiji hili. Kitalu alikianzisha 1888. Walichanganya ile ya Asia ya Mashariki, spectabile, na ya hapa Ulaya, telephium. Jina maana yake furaha ya vuli.

Mmea wenyewe Wajerumani wanauita Fetthenne, yaani kuku jike mnono. Mama mkwe aliponiambia mara ya kwanza "kawapogoe kuku wanono" nilimuomba arudie.

Nyongeza moja. Kama unazipenda kwa ajili ya vipepeo, panda spectabile yenyewe. 'Herbstfreude' ni imara na inapendeza lakini haina chavua, nyuki wanaifuata kwa utamu tu. Kwangu zimepangwa jirani, na siku ya jua vipepeo wanakaa upande mmoja kama harusi ambayo ndugu wa bwana hawakuja.

Kuhusu kukata, sikati zote. Nakata mabua ya mbele, ya nyuma nayaacha. Ya nyuma yanachanua kwanza na yanabaki marefu, ya mbele yanafuata wiki kadhaa baadaye na yanaziba miguu ya wenzao. Maua yanakaa muda mrefu zaidi.

---

FagioLaChuma

Napinga. Niko Manchester mwaka wa kumi na nne, nafyeka zangu kila Novemba na zinarudi kila mwaka. Hakuna hata moja iliyokufa. Mnatengeneza dini kwenye kitu kidogo. Mabua makavu yanaoza, konokono wale wasio na gamba wanajificha humo, Machi mnaanza kulia majani yametobolewa.

---

MpogoajiMidlands

Mkuu Fagio, hapo una haki nusu na nakupa. Ukifyeka Novemba haifi, nimekosea kama nilisema inakufa. Zangu hazikufa pia. Na kwenye konokono ni kweli, nafikiri hasa kama mabua yameanguka yakalala kwenye tope. Yaliyoanguka nami nayatoa mapema.

Ila yaliyosimama yana faida tatu ambazo wewe unazitupa kwenye pipa. Kwanza wadudu: Machi nilivunja bua moja kwa mkono, likakatika "pa", na juu kwenye kichwa kikavu wakaanguka wale wadudu wadogo wa duara, wekundu wenye madoa saba meusi, wamelala fofofo. Hao ndio wanaokula vidukari. Pili alama: bila mabua unasahau palipo na mmea. Mke wangu aliwahi kuchimbia vitunguu vya maua ya tulipu katikati ya sedamu nzima, kwa sababu mimi nilikuwa nimefagia. Tatu ni macho tu. Majira haya ya huku jioni inaingia saa kumi, mtu unahitaji kitu cha kuangalia dirishani.

---

FagioLaChuma

Ya tulipu umenishinda. Mwaka huu naacha mbili, tuone.

---

Mwalimu_wa_Kiswahili

Naomba kuingilia. Dada hapo juu amesema "vuli", lakini vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, watu wanapanda. Huko kwenu vuli ni majani kupukutika na kila kitu kinalala.

---

MamaKukuMnono

Mwalimu, tunajua. Mwanangu wa miaka saba alimwambia bibi yake kwa simu "huku ni vuli", bibi akauliza mmepanda nini. Mtoto akajibu kweli tupu: "Hatujapanda, tumeacha mabua."

---

BaridiKaliMN

Salamu kutoka Minneapolis. Ushauri wa mwezi wa tano usichukuliwe kichwa kichwa kwa walio Marekani kaskazini au Kanada. Huku Mei mwanzoni bado unaweza kuamka na theluji. Mimi naangalia urefu wa mmea, kalenda siiangalii: bua likifika inchi nane hadi kumi nakata, na mara nyingi ni wiki ya kwanza au ya pili ya Juni. Usichelewe kupita hapo, maana msimu ni mfupi. Mwaka mmoja nilikata Julai mwishoni kwa sababu nilikuwa nimesafiri Moshi msibani. Vichwa vilijitahidi, vikawa kijani kijani, baridi ikavikuta hivyo hivyo, vikageuka vyeusi.

Mabua makavu nakata Aprili theluji ikiondoka. Mengi nakuta yamekwisha kuvunjwa na uzito wake, nayang'oa kwa mkono tu.

Na mwaka wenye ukame usikate kabisa. Mmea una kiu, wewe unaupunguzia na majani.

---

Njugu_wa_Limuru

Salaam wandugu. Huku Limuru kuna baridi ya kutosha, nikanunua mbili hapo kwa vitalu vya kando ya barabara. Mwaka wa pili sasa, majani mazuri, ua hata moja hakuna. Nimekata, nimeacha, nimenyima maji. Shida iko wapi?

---

MpogoajiMidlands

Ndugu Njugu, shida ni jua, na huwezi kulirekebisha. Hizi zinachanua kwa kusoma urefu wa mchana. Hapa Leicester mwezi Juni jua linachomoza saa kumi na moja kasorobo hivi alfajiri, na jua linazama saa tatu na nusu usiku. Mmea unahitaji mchana mrefu wa namna hiyo ndipo uanze kuandaa maua. Limuru mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, unasubiri ishara isiyokuja. Baridi ya Limuru haitasaidia.

Kwa hali ya kwenu ningeweka Kalanchoe. Ni ukoo mmoja kabisa na sedamu, zenyewe zinachanua mchana ukiwa mfupi, na zipo za porini huko huko Kenya. Kanuni ya mkasi ni ile ile: kata kichwa kilichokauka, punguza bua, zitachipua ubavuni.

---

MpagaziMstaafu

Nimepandisha wageni Kilimanjaro miaka mingi, niongeze kidogo. Sedamu tunayo mlimani, ndogo, ya maua ya njano, inajishika kwenye miamba na kwenye magome ya miti ya msituni. Mgeni mmoja mtaalamu wa mimea alipiga magoti nusu saa, tukachelewa kambini. Kitaalamu inaitwa Sedum meyeri-johannis, kwa heshima ya Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Kwa hiyo wewe wa Kibosho umevuka bahari kwenda kufundishwa sedamu na Mzungu wakati ndugu yake yuko juu ya paa la kwenu.

---

MpogoajiMidlands

Mzee, hiyo nimeipokea na makofi yake. Sikuwahi kupanda zaidi ya msituni kutafuta kuni.

---

ShemejiWaReading

Naomba kuuliza: vile vipande mlivyokata Mei mnavifanyaje? Nimejaza ndoo, naona uchoyo kuvitupa.

---

MamaKukuMnono

Usitupe shemeji, hiyo ni mbegu. Chukua kipande cha urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, kiache mezani siku moja jeraha likauke. Ukikichomeka kibichi kinaoza. Chomeka kwenye mboji iliyochanganywa na mchanga wa kutosha, mwagia kidogo, weka mahali penye mwanga lakini jua kali la mchana lisifike. Usikifunike na mfuko wa plastiki, sio waridi huyo. Wiki tatu nne kivute kidogo, kikigoma ujue kimeshika.

Kile kitakachojaribu kutoa ua mwaka huo huo, kinyofoe. Kikue mizizi kwanza.

---

MpogoajiMidlands

Mimi vipande vya kwanza nilivisahau kwenye benchi la banda wiki mbili. Nikakuta havijanyauka na vimeanza kutoa vizizi vyeupe hewani, vinatafuta ardhi.

Majani yaliyobaki wape watoto. Mzee jirani alimfundisha binti yangu kuliminyaminya jani taratibu kati ya vidole hadi ngozi ya chini iachane na nyama, halafu unapuliza pale lilipokatika. Linavimba kama koo la chura. Kuna wiki nzima bustani ilikuwa na majani yaliyopulizwa.

---

ShemejiWaReading

Asante sana dada, asante mkuu. Sasa lingine, hili si la mkasi. Moja ya zangu leo nimeigusa tu ikang'oka mkononi. Juu mbichi, chini hakuna mizizi.

---

FagioLaChuma

Hilo nalijua vizuri kuliko ningependa. Chimbua pale ilipokuwa, utakuta funza weupe, kichwa cha kahawia, hawana miguu, wamejikunja kama herufi C. Mama yao ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, anatembea usiku na kung'ata kingo za majani. Wanapenda sana sedamu, hasa za kwenye vyungu. Zinauzwa nematodi, vijinyoo usivyoviona kwa macho, unavichanganya na maji unamwagia udongo Agosti au Septemba wakati bado una joto. Vinawaingia funza na kuwamaliza. Mimi huwa nachambua udongo kwa mkono kwanza na kuku wa jirani wanafaidi.

Na hiyo iliyong'oka usiitupe. Ikate vipande kama alivyosema dada hapo juu.

---

MpogoajiMidlands

Narudi na mrejesho, Septemba hii.

Mwaka huu nilijaribu mambo mawili kwa pamoja. Mashina matano nilikata nusu, wiki ya mwisho ya Mei. Moja nikakata kwa mtindo wa Dada Kuku Mnono, mbele tu. La saba sikuligusa kabisa, lipate kunipa ushahidi.

La saba lilifunguka tarehe 19 Agosti, siku ya mvua ya upepo. Matano yamesimama. La mtindo wa mbele ndilo zuri kuliko yote, naungama, na mwakani nafanya yote hivyo. Ila jambo ambalo halikuandikwa kwenye uzi huu: hilo la saba lina umri mkubwa, katikati yake ni gogo tupu lisilochipua. Mzee aliponiona nimeinama akasema hilo mkasi hautalisaidia, linataka jembe. Machi, vichipukizi vikianza kuvimba, unalichimbua zima, unalipasua mara nne kwa sepetu, unatupa gogo la katikati na kupanda vipande vya pembeni. Anafanya hivyo kila baada ya miaka mitatu minne.

Kipande kimoja ameniomba. Kumbe sedamu zake zote zilitoka kwa yule bibi wa nyumba yetu, alimpa kwenye gazeti lililolowana, mwaka wenyewe mzee ameusahau. Bibi yuko kwenye nyumba ya wazee huko Loughborough. Nimemwandalia chungu chenye vipande vitatu, Jumapili mzee anampelekea.

---

BaridiKaliMN

Safi sana mkuu. Kwangu mrejesho ni mfupi: sungura. Wamekula zote saizi moja, sawasawa, kama nusu ya bua, Juni tarehe 8. Zimechanua vizuri kuliko miaka yote niliyokata mwenyewe.